Mtini wa Chunguni na Baridi ya Chicago

Mtini wangu wa kwanza niliuua kwa blanketi mbili, shuka moja na mfuko mkubwa wa nailoni. Naandika haya kwa sababu kila mwaka baridi ikikaribia nakutana na mtu wa kwetu aliyenunua mtini wakati wa joto, akauweka chunguni, na sasa anauliza aufunike kwa kitu gani. Swali hilo nililiuliza mimi pia, na ndilo lililoniponza. Nilihangaika na kifuniko, sikujiuliza moto utatoka wapi.

Nimezaliwa Tanga. Tini niliijua kwanza chuoni, katika sura ya Kurani inayoanza kwa kiapo cha tini na zaituni, kisha nikaijua mwezi wa Ramadhani, zile kavu zilizobanwa zikabaki bapa. Mti wake sikuwahi kuuona. Tulikuwa na mkuyu, ambao ni jamaa yake wa karibu, na kuyu tukizipasua tulikuta vidudu ndani, tukazitupa. Kwa hiyo mwaka 2017, nilipouona mtini wenyewe kwenye duka la mimea hapa Chicago, haujafika hata kiunoni na tayari una tini tatu za kijani, sikuweza kuuacha. Kibandiko kilisema ni aina iitwayo Chicago Hardy, yaani inayostahimili baridi ya Chicago. Nikaona basi, jina lenyewe limeshanihakikishia.

Jina hilo halidanganyi, ila lina maelezo yake. Aina hiyo ikipandwa ardhini, baridi inaweza kuua matawi yote, lakini mizizi hubaki hai, mti ukachipua upya na kuzaa mwaka uleule, kwa sababu tini zake kuu hutoka kwenye matawi mapya. Kinachostahimili hapo ni mzizi, tena kwa msaada wa ardhi. Udongo wa huku huganda kwa juu, lakini ukichimba kidogo unakuta joto lililobaki tangu miezi ya jua, na theluji ikitanda juu yake inalilinda. Chungu hakina ardhi chini yake. Hewa inakizunguka pande zote, na hewa ikikaa nyuzi -20 siku mbili (nyuzi zote nitakazotaja ni za Selsiasi), udongo wa chunguni nao unakaribia hapohapo. Na katika mtini, mizizi ni laini kuliko matawi: matawi yaliyolala vizuri huweza kuvumilia kiasi cha baridi ambacho mizizi haiwezi. Hilo sikuambiwa dukani, na mimi sikujua la kuuliza.

Mwaka ule wa kwanza nilifanya jambo ambalo mtu wa pwani angelifanya bila kufikiri. Oktoba, usiku ulipoanza kuuma, nikauingiza sebuleni, dirishani, karibu na hita. Nilijiona nimeutendea wema. Majani yakapukutika hata hivyo. Januari ukatoa vichipukizi vyembamba, virefu, vyenye kijani kilichofifia, vikiinamia kioo kutafuta jua ambalo majira hayo halina nguvu. Hewa ya ndani, kwa sababu ya hita, ni kavu mno. Utitiri mwekundu ukauvamia. Mei nilipoutoa nje, jua likaviunguza vile vichipukizi kwa siku mbili tu. Kiangazi kizima ukawa unajiuguza, na sikupata hata tini moja iliyoiva.

Nilimsimulia mama kwa simu, kwamba nimeambiwa huku kuna miti ambayo lazima ilale kwenye baridi, ukiinyima usingizi inadhoofika. Akaniuliza, "Kwani mwanangu, ule mbuyu wa kwa bibi yako ulikuwa na majani mwaka mzima?" Haukuwa nayo. Mbuyu hukaa uchi miezi kwa miezi wakati wa ukame na hakuna anayekwenda kuufunika wala kuumwagia maji ili uamke. Watu wanajua umelala, wanapita. Jambo hilo nilikuwa nalo tangu utotoni, na sikuwahi kulihusisha na mti uliosimama sebuleni kwangu.

Basi mwaka wa pili nikaamua ulale nje, kwenye baraza ya nyuma. Nyumba nyingi za zamani za Chicago zina baraza na ngazi za mbao upande wa nyuma, na mbao hizo zina nafasi kati yake, upepo unapita chini. Nilichukua muda wangu. Nikayakusanya matawi taratibu kwa kamba, nikayazungushia shuka, kisha blanketi, kisha blanketi jingine, na juu ya yote nikavika mfuko wa nailoni ili theluji isilowanishe. Chungu chenyewe nilikiacha kama kilivyo, juu ya zile mbao. Nilikuwa nimekivisha kichwa kofia na miguu ikabaki peku.

Halafu ikaja Januari 2019. Waliokuwa huku wanaikumbuka. Tarehe 30 kipimo cha uwanja wa ndege wa O'Hare kilishuka hadi nyuzi -31, shule zikafungwa, na mvuke ukawa unapanda juu ya Ziwa Michigan kana kwamba maji yanachemka. Kila mara nilichungulia dirishani kuona kama mablanketi yamekaa sawa. Yalikaa sawa kabisa.

Aprili niliyafungua. Matawi yalionekana mazima, ila hayakuwa na dalili ya kuchipua. Nikasubiri Mei yote. Njia ya kujua ni kukwangua gome kidogo kwa ukucha: chini yake pakiwa na kijani chenye unyevu, tawi li hai; pakiwa na rangi ya udongo na pakavu, limekufa. Nilianza nchani, nikashuka pingili kwa pingili hadi shinani, na kila nilipokwangua nilikuta kahawia. Mwishoni nikaupindua mti na chungu chake. Mizizi, ambayo inatakiwa iwe migumu na yenye rangi ya maziwa, ilikuwa inavuka ngozi vidoleni na kunuka kama muhogo uliovunda.

Ng'ambo ya kichochoro anaishi mzee mmoja aliyezaliwa Calabria, kusini mwa Italia, na amekaa Chicago zaidi ya miaka hamsini. Aliniona nimeinama juu ya ule udongo, akaja. Hakunipa pole. Aliuliza tu kama hicho nilichokifunika kilikuwa na moto wake chenyewe. Nikakaa nikilitafakari swali hilo. Blanketi humpasha mtu joto kwa sababu mwili wa mtu unatoa joto, nalo blanketi linalizuia lisitoroke. Mti hautoi joto. Ukiuviringishia blanketi kumi kwenye baraza ya mbao unachelewesha baridi kwa saa chache, basi. Kama baridi ni ya usiku mmoja, saa hizo zinatosha. Kama ni ya siku nne, umefunika kaburi.

Akanieleza walivyokuwa wakifanya yeye na wenzake walipofika huku. Mtini uliopandwa uani walikata mizizi ya upande mmoja, wakaulaza taratibu kwenye handaki, wakafunika kwa mbao na majani makavu, kisha udongo juu. Machipuko yakija, wanaufukua na kuusimamisha. Kazi ya wanaume wawili siku nzima, kila mwaka mara mbili. Wengine, hasa wanaoishi kusiko na baridi kali kama hii, huufunga mti uliosimama kwa magunia na mazulia ya zamani na kuuvika ndoo kichwani, lakini mti huo umesimama ardhini, joto linapanda kutoka chini na magunia yana kitu cha kukizuia. Mimi nilikuwa nimeona magunia tu, sikuiona ardhi.

Novemba ya mwaka huo alipopogoa mtini wake alinipa vipande vitano vya tawi, kila kimoja kama urefu wa shibiri, vyenye macho manne au matano. Hapo sikuhitaji kufundishwa mengi. Mtu aliyepanda muhogo anajua kushika pingili, anajua upande gani unaelekea juu. Tofauti ni kwamba hizi hazipandwi papo hapo. Nilizifunga kwa gazeti lenye unyevunyevu, nikazitia mfukoni na kuziweka kwenye friji hadi Februari 2020, ndipo nikazipanda kwenye vikopo vyenye udongo mwepesi. Tatu zikashika. Tahadhari moja: utomvu wa mtini, ule mweupe kama maziwa, ukikugusa ngozi kisha ukakaa juani unaweza kuungua na kutoka malengelenge. Kata kwa glovu.

Kabla ya baridi iliyofuata nilinunua kipimajoto kinachohifadhi joto la chini kabisa na la juu kabisa, na kwa wiki nzima ya Desemba nikakihamisha nyumba nzima. Sijawahi kutumia pesa kidogo vizuri kama hizo. Usiku mmoja nje kulikuwa -14. Kwenye banda la gari, ambalo halina hita na limejitenga na nyumba, sakafuni palikuwa -6. Besimenti, ile orofa ya chini ya ardhi, karibu na boila palikuwa 19, lakini kona ya mbali, chini ya dirisha dogo la kaskazini, palikuwa 7. Nyumba ile ile, usiku ule ule. Mtini uliolala unataka mahali penye nyuzi kati ya sifuri na saba hivi. Pakishuka kidogo chini ya sifuri kwa muda mfupi hakuna neno. Pakipanda kumi na zaidi mfululizo, unaanza kuamka. Mwanga hauhitaji, maana hauna majani ya kuutumia.

Sikuwa na mahali pamoja panapofaa miezi yote. Wengi wetu hatuna. Kwa hiyo mtini wangu hulala kwenye banda, ukutani upande wa nyumba, chungu kikiwa juu ya ubao mnene wa stairofomu, lile povu gumu jepesi, ili kisigusane na saruji, na kimezungukwa na maboksi yaliyojazwa majani makavu. Angalia, ni chungu kinachozungukwa. Matawi nayaacha wazi. Na usiku unaotangazwa kuwa mbaya sana, unahamia kwenye ile kona ya besimenti.

Kuulaza nako kuna utaratibu, na hapa watu wengi wana haraka. Mbolea naacha mwezi wa Agosti, ili matawi yasiendelee kurefuka yakiwa mabichi. Tawi laini la kijani ndilo baridi hulila kwanza. Oktoba siuingizi mapema. Nauacha nje uonje sakitu mara moja au mbili, ile umande iliyoganda asubuhi, mradi baridi yenyewe isizidi -2 au -3. Majani yanageuka manjano na kuanguka yenyewe, na huo ndio mti unaojiandaa. Kisha nachuma tini zote ambazo hazikuiva, maana zikibaki zinaoza na kuleta ukungu, nafagia majani yote chunguni, namwagia maji vizuri mara ya mwisho, ndipo naingiza.

Machipuko ya 2021 yalinipa somo ambalo lilinichoma kuliko kile kifo cha kwanza. Baridi yote ilipita salama. Mwishoni mwa Machi jua lilipiga banda kwa siku kadhaa, mchana ndani pakafika 15, na mti ukaamka. Macho yakafunguka, majani madogo yakatoka, laini kama sikio la mbuzi mchanga. Nilifurahi, nikautoa nje asubuhi moja ya Aprili na kuuacha huko. Usiku wa tatu sakitu ikaanguka. Kulipokucha kila jani lilikuwa jeusi na limelegea kama mchicha uliopikwa. Tawi lile lile ambalo mwezi wa Januari lingevumilia nyuzi -8 likiwa limelala, sasa lilikuwa limeshindwa na -1. Mti ukachipua tena baada ya mwezi, lakini Chicago haina mwezi wa kupoteza: tini zilichelewa, na Oktoba nilikuwa na tini nyingi za kijani, ngumu kama mawe, ambazo hazitaiva kamwe. Tini haiivi ikishachumwa.

Tangu hapo kazi yangu kubwa ya Machi na Aprili ni kuubembeleza uendelee kulala. Mchana wa jua nafungua mlango wa banda upoe. Mti ukiamka licha ya hayo, nauweka juu ya kitoroli, unatoka asubuhi na kurudi jioni kila usiku unaokaribia sifuri, na siku kumi za kwanza unakaa kivulini kabla ya kuona jua kamili. Mume wangu amezoea. Chungu cha lita 55 chenye udongo uliolowa kinapita kilo 40, hakibebwi na mtu mmoja.

Mwaka uliofuata nilikosea upande wa maji. Nilikuwa nimesikia kwamba mti uliolala ukimwagiwa sana mizizi inaoza, ambayo ni kweli, nami nikauacha bila tone tangu Novemba hadi Machi. Udongo ukakauka ukajitenga na kuta za chungu, na nusu ya juu ya matawi ikafa kwa kiu. Sasa naumwagia vikombe viwili kila baada ya wiki nne hivi, siku isiyo na barafu, baada ya kuingiza kidole udongoni. Udongo uwe kama kitambaa kilichokamuliwa. Na shina nalizungushia wavu wa waya chini, kwa sababu panya wa bandani, njaa ikiwabana, hutafuna gome.

Desemba 2022, siku chache kabla ya Krismasi, ilitangazwa baridi nyingine kubwa. Tulikuwa na siku tatu za kujiandaa. Kwa kuwa kona ya besimenti ilikuwa imejaa vitu vya mpangaji mwenzetu aliyekuwa safarini, nikataka kwanza nijaribu bandani. Niliweka ndoo mbili za maji kando ya chungu, lita 20 kila moja, nikafunika vyote pamoja kwa mazulia. Hili mzee alilijua kwa mazoea, na hesabu yake inakubali: maji yanapoganda yanatoa joto, na lita 20 zikiganda zote hutoa karibu joto la hita ya kilowati 1 iliyowaka kwa muda unaokaribia saa mbili. Zaidi ya hilo, linatoka polepole, katika zile nyuzi za sifuri ambapo mizizi inalihitaji. Humo ndani ya mazulia, kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimeweka kitu chenye moto wake.

Usiku nje kulishuka chini ya -20. Saa nne banda lilisoma -8, na kipimajoto cha pili, ndani ya mazulia, -1. Saa sita kilikuwa -2. Saa tisa usiku niliamka tena, kikasoma -4, na barafu ya ndoo ilikuwa imekaribia kufika katikati. Upepo ulikuwa bado una siku mbili mbele yake. Nikamwamsha mume wangu. Tukasukuma kitoroli kwenye theluji, tukashusha ngazi moja moja, tukasogeza masanduku ya yule mpangaji, na mtini ukakaa pale chini ya dirisha siku nne. Hatukusemezana mpaka ulipotua sakafuni.

Mwishoni mwa Agosti 2023 tini ya kwanza iliiva. Haikuombi uibonyeze. Siku moja imesimama, kesho yake shingo imeinama yenyewe, ngozi imekuwa ya zambarau na imepasuka nyufa ndogo, na ukiichuma haitoi maziwa pale kwenye kikonyo. Ikitoa maziwa, umewahi. Nilimpigia mama kwa video nikaipasua mbele yake. Aliangalia ndani kwanza kutafuta vidudu, kama tulivyozoea kwa kuyu. Nikamwambia hii haina, aina hii inazaa bila kuhitaji wale nyigu wadogo wanaoingia ndani ya tunda kulichavusha. Akasema, "Bismillahi, kula." Mwaka ule nilichuma arobaini na kidogo. Nane za kwanza nilizipeleka ng'ambo ya kichochoro.

Mwaka jana nilimpa pingili dada mmoja wa Mombasa anayeishi ghorofa ya tatu, hana banda wala besimenti. Alisema basi haiwezekani. Nilimwazima kipimajoto changu, akakizungusha wiki nzima kama nilivyofanya mimi: nyuma ya pazia la dirisha la chumba cha kulala, 14, kwenye kabati la koti karibu na mlango, 17, kwenye ngazi za dharura zilizofungwa kwa ukuta, 1. Kati ya mlango wa jikoni na mlango wa nje, mahali wanapoweka viatu, palikuwa 5. Mti uko pale tangu Novemba, umesimama kati ya mabuti ya watoto. Jana amenipigia kuuliza kama aumwagie maji. Nikamwambia aingize kidole kwanza. Bado una unyevu, akasema. Nikamwambia asubiri wiki mbili.